Alama ya mkaa ukutani

Mtoto akimwagikiwa uji wa moto kwapani, wazazi huhesabu siku hadi kidonda kifunge. Kikifunga, wanashukuru. Kumbe hapo ndipo kovu huanza kuvuta, na mkono usiponyooshwa hugoma kupanda. Hali hii huendelea kwa miezi.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza bandeji yenye vihisio vinavyopima joto la kidonda na kutuma taarifa bila waya. Waliijaribu kwa panya. Vipo pia vitambaa vinavyopima kiungo kimekunjwa kiasi gani. Habari njema, ila mzazi wa Liparamba, mwenye safari ndefu hadi hospitali ya Litembo au Peramiho, hawezi kuzisubiri.

Joto hata mgongo wa kiganja hulijua. Nawa, kisha gusa ngozi ya pembeni mwa kidonda, ulinganishe na upande mzima. Ikiwa ya moto na imevimba, au kuna usaha, harufu au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwendo nao hupimika. Daktari akisharuhusu mazoezi, msimamishe mtoto ukutani, ainue mkono mwenyewe, weka alama ya mkaa anapofika. Rudia kila Jumapili, palepale. (Watoto hupenda, hasa wakishindana na ndugu zao.) Alama ikianza kushuka, usimvute kwa nguvu. Piga picha ukuta huo kwa simu, umpeleke mapema kwa mtaalamu wa viungo; akiuliza tatizo lilianza lini, mwoneshe.