Mshauri Nasaha Hapatikani kwa Semina

Tangu kiboko kipigwe marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, mwalimu ametwikwa mzigo wa ushauri nasaha. Aghalabu hukabidhiwa wadhifa huo kwa kuwa ni mpole au mcha Mungu, baada ya semina ya siku chache. Kisha huletewa mwanafunzi anayetaka kujitoa uhai.

Ni jambo la heri, basi, walimu wanapotafuta shahada ya uzamili katika taaluma hii. Hata hivyo, nawatahadharisha. Kabla ya kulipa karo, mwalimu na aulize iwapo kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na iwapo akihitimu atasajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Aulize pia atawahudumia watu kwa saa ngapi chini ya uangalizi wa mshauri mkomavu. Huko ndiko mtu hujifunza kusikiliza bila kuhubiri, kutunza siri, na kutambua maradhi yanayohitaji daktari. Mihadhara pekee haitoshi.

Wapo watakaosema kuwa gharama ni kubwa. Naam, ni kubwa, na mshahara wa mwalimu twaujua. Ndiyo maana namsihi mwajiri amsaidie kulipa karo na kumpunguzia vipindi anaposoma. Vyaelea vimeundwa. Mtoto aliyekata tamaa si wa kufanyiwa majaribio.