Kalamu ya babu: itazame kwanza, wino baadaye



Tangu tutoe kile kipindi cha vitu tulivyorithi, swali linalorudi kwenye meseji ni moja: "Nimekuta kalamu ya wino ya babu kwenye droo. Nitie wino tu?" Ngoja kidogo. Kalamu ya zamani unaitambua mara mbili: kwanza nani aliitengeneza, halafu nani aliishika. La kwanza utalisoma mwenyewe. La pili lazima umuulize mtu, na mtu huyo hakai milele.

Tuanze na maneno, maana wengi wetu Kiswahili tumekiokota jikoni. Ile ncha inayogusa karatasi ni nibu. Juu kuna kifuniko chenye klipu ya kuning'iniza mfukoni. Ndani ya mwili wa kalamu kuna kifuko cha mpira kinachobeba wino. Na chupa ndogo ya wino, wazee huiita kidau. Basi, hayo yanatosha.

Sasa washa tochi ya simu, uimulike kalamu kwa ubavuni. Maandishi yamechongwa mwilini, mara nyingi yamefifia. Ya babu yangu inasomeka Conway Stewart, nambari 28. Hiyo ni kampuni ya hapa hapa London, ilianza mwaka 1905, na ile ya asili ikafungwa 1975. Yaani kalamu ilitoka huku, ikaenda Unguja, babu akajazia madaftari ya forodhani miaka na miaka, halafu ikarudi huku mfukoni mwake. Imesafiri kuliko mimi.

Yako pengine ni Parker. Kama nibu imejificha na inachungulia kidogo tu, huenda ni Parker 51, iliyoanza kuuzwa 1941. Ukiona nukta nyeupe kwenye kifuniko, fikiria Sheaffer. Soma na nibu pia: kama ni dhahabu, kwa kawaida imeandikwa, kwa mfano 14ct.

Kisha uliza inakunywaje. Conway Stewart nyingi zina kijiti cha chuma kilicholala ubavuni: ukikiinua kwa ukucha kinabana kile kifuko, ukikilaza kifuko kinafunguka na kuvuta wino. Parker 51 za kuanzia 1948 ni tofauti. Unafungua mwili, unakuta bomba la chuma lenye ubao mwembamba wa kubonyeza, na maelekezo yamechongwa hapo hapo. Zile za kabla yake zinabonyezwa kwa nyuma, kwenye mkia.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mpira wa miaka 60 au 70 hukauka ukawa mgumu kama ganda la yai. Kabla ya yote, tikisa kalamu karibu na sikio. Ukisikia vitu vinacheza ndani, kifuko kimeshavunjika vipande. Na kile kijiti kikigoma kuinuka, usikilazimishe kabisa, kitang'oka.

Jambo la pili: usiizamishe kalamu nzima kwenye maji. Zamani Conway Stewart walitengeneza baadhi ya kalamu zao kwa plastiki iliyotokana na maziwa. Ndiyo, maziwa! Plastiki hiyo ikikaa majini inavimba. Zilizotengenezwa kwa mpira mgumu mweusi nazo hugeuka rangi ya kahawia. Wewe chovya nibu peke yake, maji ya kawaida yasiwe ya moto, uiache iloe.

Ya babu nililoesha sebuleni, bibi akiwa kwenye kochi. Baada ya dakika chache maji yakawa buluu. Ule ulikuwa wino aliotia babu mwenyewe, na mimi nikawa sijui niufanye nini. Nikamwonyesha bibi. Akatazama glasi, akasema, "Kamwage, mwanangu. Wino si mtu." Nikamwaga.

Kifuko kilikuwa kimekufa, kwa hiyo Jumamosi nikaenda Portobello Road, kwenye soko la vitu vya kale, nikampata fundi wa kalamu. Kubadilisha kifuko si kazi kubwa kwake: anatoa kile cha zamani, anakata kipya kwa kipimo, anakibandika kwa gundi ya shelaki. Halafu akaitazama nibu kwa lenzi, akaniambia imelika upande mmoja. Itakuwa inakwaruza. Je, aisugue iwe sawa?

Nikamwambia aiache kwanza nikaulize nyumbani. Na hili ndilo ninalotaka mlishike. Ncha ya nibu huvaa polepole kwa kufuata mkono wa mwenyewe. Mtu akiandika miaka 30 kwa pembe ile ile, ncha inalala pembe ile. Ukiisugua, inakuwa laini kwa kila mtu, na alama ya yule mmoja inaondoka. Mpira unabadilishwa, wino unamwagwa. Hii haina spea.

Sasa kujaza. Jaribu kwa maji kwanza. Yakivuja, rudi kwa fundi. Yakikaa, fungua kidau. Zamisha nibu yote, mpaka ifike shingoni. Inua kijiti taratibu, utaona mapovu. Kilaze taratibu. Usiitoe! Hesabu mpaka kumi, kifuko kipate muda wa kunywa. Rudia mara moja tena, toa, futa nibu kwa kitambaa laini. Umemaliza.

Wino uwe wa kalamu za wino, buluu ya kawaida. Ule mweusi wa wachoraji una shelaki ndani, ukikauka umeziba njia. Na wino wa chuma, ule unaoandika buluu halafu unaiva kuwa mweusi, una asidi, usiulaze kwenye kalamu ya zamani. Ingawa una historia hapa: daktari Henry Stephens alitengeneza wake mwaka 1832, na nyumba ya mwanawe, Avenue House, ipo Finchley mpaka leo. Huku England na Wales madaftari ya ndoa yalitiwa saini kwa wino wa aina hiyo hadi Mei 2021, usajili ulipohamia kwenye kompyuta. Mkiwa na wazazi waliooana hapa kabla ya hapo, mshaelewa.

Nikaandika. Kweli, krr krr, inakwaruza. Nikamwuliza bibi, "Babu alikuwa anaishikaje?" Akachukua kijiko cha chai, akakilaza chini karibu na kidole gumba, kifundo cha mkono kikageukia ndani. "Hivi. Alianza chuoni na kalamu ya mwanzi, akiandika herufi za Kiarabu kutoka kulia. Kazini wakamtaka Kizungu, akageuza herufi, mkono hakuugeuza. Mabosi wake walikuwa wakimcheka."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia, na baba pia hakuwahi kuisikia. Nikaigeuza kalamu kama kile kijiko, na hapo ikateleza bila kelele. Mkono uliniuma baada ya mistari mitatu, lakini iliteleza. Fundi nimemjibu asiiguse nibu.

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kazi yenu ya wiki hii ni mbili. Kama mna kalamu ya mzee, isomeni jina na nambari, msiilazimishe chochote. Halafu mpigieni simu yule aliyemwona akiiandikia: bibi, ami, shangazi, jirani wa zamani. Muulizeni swali dogo tu, alikuwa anaishikaje. Jibu liandikeni kwenye karatasi, mliweke pamoja na kalamu kwenye boksi lake.

Na msome hiyo karatasi kwa sauti mkitutumia meseji ya sauti. Tutazicheza kwenye kipindi kijacho.