*TAHARIRI YA TAWI: Tupime Kwanza, Tupake Lipu Baadaye*



Kila masika yakipita, mafundi wa lipu hupata kazi katika nyumba zetu za maendeleo. Zege limedondoka chini ya roshani, nondo yenye kutu inachungulia, mwenye nyumba ananunua mfuko wa saruji, anaziba, anapaka rangi. Masika yanayofuata, pale pale.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa zege chanzo chake kiko ndani. Ukizibwa bila kupimwa, umefichwa tu.

Majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani ni matunda ya Mapinduzi ya 1964. Yalianzishwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ya Michenzani yaliendelea kujengwa miaka ya 1970. Leo yana umri wa nusu karne. Kusema yamechoka si kuyabeza. Anayeyathamini ndiye anayetaka yapimwe.

Tuelezane kinachotokea. Zege jipya lina ukali kama wa chokaa, na ukali huo ndio unaoikinga nondo na kutu. Miaka ikipita, hewa hupenya na kuupunguza. Kwetu kisiwani upepo wa bahari unaongeza chumvi, na pale ulipotumika mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi imo tangu siku ya kwanza. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kupima kunawezekana bila kubomoa. Mhandisi hugonga kwa nyundo akisikiliza palipo patupu. Hutoboa kidogo na kutia dawa: zege lenye ukali wake hugeuka rangi ya waridi, lililochoka halibadiliki. Hupima chumvi, na hupeleka kipande maabara kujua nguvu iliyobaki. Hapo ndipo anaweza kusema: hapa pakarabatiwe, hapa pawekwe nguzo za muda, hapa watu watoke.

Tusisahau Beit al-Ajaib. Jumba lile la 1883 ujenzi wake ni tofauti na huu wa zege, lakini funzo ni lile lile. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande mkubwa uliporomoka na watu 2 wakafariki. Jengo kuukuu hutoa ishara kabla.

Tunaijua hofu iliyopo. Wazee wetu wanauliza: "Mpimaji akisema nitoke, nitarudi?" Ni swali la haki, na ndilo linalowafanya wengine wafiche nyufa. Kwa hiyo Tawi linataka mambo haya yaende pamoja:

1. Kila jumba lipimwe na wahandisi waliosajiliwa, na ripoti isomwe mbele ya wakaazi kwa Kiswahili.

2. Familia itakayotakiwa kupisha ukarabati ipewe maandishi kwanza: itakaa wapi, kwa muda gani, na kwamba itarudi.

3. Sehemu yenye hatari ya kuangukia watu izungushiwe uzio mara moja, bila kusubiri ripoti nzima.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Tusivunje ukuta kupanua chumba. Tusipandishe matangi ya maji kwenye roshani. Bomba linalovuja litengenezwe, maana maji ndiyo yanayolisha kutu. Ndugu zetu wa Mji Mkongwe, tusiondoe dari ya boriti na kumwaga zege bila idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kuta za mawe na chokaa hazikujengwa kubeba uzito huo.

Kila mwanachama anayeona nondo iliyo wazi, dari iliyobonyea au ufa unaokua, apige picha, aandike namba ya jumba na ghorofa, ampelekee Katibu wa Tawi na kumjuulisha Sheha. Tutaunganisha orodha moja na kuiwasilisha kwa ofisi husika, na jibu tutalileta hapa hapa, likiwa zuri au baya. Hili halina chama. Zege likianguka halimuulizi mtu kadi yake.

Wabillahi tawfiq.

*Uongozi wa Tawi*