TAHARIRI: TUPASULIWE WAPI?



Masika ya mwaka jana mwenzetu mmoja alileta ombi la mkopo ushirika. Jina lake tunamhifadhia. Alikuwa na ngiri, na hospitali ilikwisha kumwambia apasuliwe. Sisi tuliokaa kwenye kamati tukasema, "Ngiri haiui mtu, asubiri mavuno." Akasubiri. Usiku mmoja ngiri ile ikakaza, haikurudi ndani tena, akawa anatapika. Alipakiwa kwenye bodaboda kwenye matope, katikati ya watu wawili. Amshukuru Mungu yu hai, lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimeoza, ikabidi kikatwe. Fedha iliyotumika ilipita mara tatu ile aliyoomba. Tulikosea, na tunakiri mbele ya ukuta huu.

Sasa yako maombi mengine mawili mezani, moja la ngiri na moja la busha. Maneno yamekuwa mengi kijijini. Wengine wanasema twende kule kwa bei ya chini. Wengine wanasema hapana, hospitali nzuri ni ile ya ghorofa mjini. Sisi tunasema wote wawili wanatazama upande mmoja tu wa shilingi.

Kwanza bei. Bei ya dirishani siyo gharama. Hebu tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kisomo cha jioni. Tarakimu hizi ni za mfano tu, siyo za hospitali yoyote.

Mahali pa kwanza, mbali, kupasuliwa ni sh. 150,000. Lakini glavu, nyuzi na dawa unanunua mwenyewe, 60,000. Nauli ya mgonjwa na mwangalizi, kwenda na kurudi, 40,000. Chakula na malazi ya mwangalizi siku tano, 50,000. Kurudi tena kutolewa nyuzi, nauli 40,000. Jumla 340,000.

Mahali pa pili, karibu, kupasuliwa ni sh. 250,000, dawa na vifaa vyote ndani. Nauli 8,000. Chakula siku tatu, 15,000. Kurudi kutolewa nyuzi, 8,000. Jumla 281,000.

Kumbe palipoitwa rahisi pamezidi kwa sh. 59,000! Na hapo hatujahesabu siku za palizi zilizopotea. Basi kabla ya kwenda, uliza bei inabeba nini na haibebi nini, ikiwezekana uandikiwe kwenye karatasi. Na wasiotakiwa kulipa wajulikane pia. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee asiuze mbuzi kabla hajauliza.

Pili ubora. Ubora siyo ghorofa, wala vigae, wala umbali wa safari. Ubora ni kazi inavyofanyika ndani ya chumba kile ambacho wewe umelala, huoni kitu. Tuna mfano wa hapa hapa mkoani kwetu Morogoro. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali nane duniani zilijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa kupasua. Nyingine zilikuwa London, Toronto na Seattle, na moja ilikuwa Ifakara. Orodha yenyewe ni karatasi tu. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote wanasimama, wanataja jina la mgonjwa, anapasuliwa nini na upande gani. Kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani wanahesabu vifaa na pamba, visije vikabaki tumboni. Kwa jumla ya hospitali zote nane, kabla ya orodha walikufa wagonjwa 15 katika kila 1,000, na baada yake 8. Karatasi, ndugu zangu! Siyo mashine ya mamilioni.

Kwa hiyo tusione haya kuuliza. Daktari mwema hakasiriki akiulizwa. Uliza haya:

1. Nani atakayenipasua, na kazi kama hii anaifanya mara ngapi kwa mwezi?
2. Nani atatoa dawa ya usingizi au ganzi, na atakaa nami mpaka niamke?
3. Oksijeni ipo? Damu ipo? Umeme ukikatika, jenereta inawaka?
4. Mambo yakiharibika usiku, nitapelekwa wapi na kwa gari gani?
5. Kidonda kikitoa usaha au nikipata homa, nirudi kwa nani?

Ngiri na busha ni kazi za kila siku katika hospitali nyingi za wilaya. Kama majibu yao ni mazuri, hakuna sababu ya kuuza ng'ombe ili ukapasuliwe mjini. Lakini mwenye moyo mgonjwa, au aliyekwisha pasuliwa pale pale mara nyingi, au mwenye uvimbe usioeleweka, asing'ang'anie karibu. Achukue barua ya rufaa aende juu, na ushirika umsaidie nauli. Na wale wanaopita minadani na wembe wakidai kutibu ngiri, hao hatuwaweki hata kwenye hesabu. Rahisi yao ni ghali kuliko zote.

Jambo moja halina kuchagua. Ngiri ikikaza ikawa ngumu, inauma, hairudi, na mgonjwa anatapika, hapo hatuulizi bei. Ni kwenda hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Tunajua wapo wanaume wenye ngiri na busha wanaoficha chini ya msuli kwa aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mapema ndipo unapoweza kuchagua mahali na kupanga fedha. Ukichelewa, ugonjwa utakuchagulia.

Tunapendekeza mkutano ujao upitishe maombi yote mawili bila kungoja mavuno, na kila mwombaji aende kwanza kuuliza maswali matano, alete na hesabu nzima. Pia tutenge fungu dogo la nauli ya dharura katika kila msimu wa mauzo.

Shime, ndugu zangu, tuje wote mkutanoni. Tulimngojesha mmoja, tusiwangojeshe wawili.

Anayejua kusoma amsomee jirani yake.