Jalada Lile Lina Wenyewe Watatu

Tangu George Lois afariki dunia mwaka 2022, tumechoka kusoma kwamba yeye ndiye aliyemfanya Muhammad Ali kuwa shahidi. Hatukubali.

Kipaji chake hatukibishi. Kuanzia 1962 hadi 1972 Lois, mtu wa kampuni ya matangazo wala si mwajiriwa wa jarida, alibuni majalada ya Esquire kule New York, na mhariri Harold Hayes akampa uhuru ambao wahariri wengi hawauthubutu. Desemba 1963 alimvika bondia Sonny Liston kofia ya Baba Krismasi, na wenye matangazo wakakimbia. Oktoba 1966 akatoa jalada jeusi lisilo na picha, maneno machache tu meupe ya askari kuhusu mtoto wa kike waliyempiga huko Vietnam. Hiyo ni kazi ya mtu asiyeogopa.

Lakini lile la Aprili 1968? Ali amesimama na bukta nyeupe, mikono nyuma, mishale mwilini, kama Mtakatifu Sebastian wa michoro ya Kikristo. Wazo ni la Lois. Picha ni ya Carl Fischer, na mishale ilipoinama ikabidi ishikiliwe kwa mishipi, ya kuvulia samaki hasa. Na mwili ni wa nani? Wa Mwislamu aliyesita kuigiza mtakatifu wa Kikristo mpaka alipompigia simu Elijah Muhammad na kupata ruhusa. Mwaka 1967 alikuwa amekwisha kunyang'anywa ubingwa kwa kukataa jeshi, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, hukumu ambayo haikufutwa hadi 1971.

Wapo watakaosema bila wazo hakuna picha. Sawa. Lakini wazo hilo hilo mpe bondia asiyepoteza kitu, utapata tangazo la bukta.

Wala si sisi wa kwanza kunung'unika. Julian Koenig, aliyekuwa mshirika wake katika matangazo, alilalamika hadharani kwamba Lois alijitwalia sifa za kazi za wenzake. Hata hivyo sifa ziliendelea kumiminika upande mmoja.

Basi enyi mnaoandaa majarida ya jumuiya zetu, mkiichapa tena picha ile, andikeni chini yake majina yote matatu, na la Ali litangulie.