Picha ya Shingo Isigeuzwe Hukumu

Mtu akiota uvimbe shingoni hapa Tongaren, huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ama "hilo ni rovu tu, hata nyanya yako alikuwa nalo", ama "hiyo ni saratani, uza ng'ombe". Sijui ni kauli ipi imedhuru wengi zaidi. Ni kweli rovu lilizoeleka katika nyanda zetu za juu, na ndiyo sababu sheria ya Kenya ilidai mwaka 1978 chumvi itiwe iodini. Lakini chumvi haiyeyushi uvimbe uliokwisha kukomaa, wala haituambii ni wa aina gani.

Kinachoweza kutusaidia kuupambanua ni altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti wala haina mionzi. Mtaalamu hutazama kama kivimbe kimejaa maji au ni nyama tupu. Kama ni cheusi kuliko tezi inayokizunguka. Kama kingo zake zimechongoka. Kama kina chake kimezidi upana. Kama ndani mna chembe za chokaa. Mwaka 2017 madaktari wa picha wa Marekani walizipa dalili hizo alama. Kwa kipimo chao, hata kivimbe kinachotiliwa shaka zaidi hakichomwi sindano mpaka kitimize sentimita 1. Chenye shaka hafifu husubiri sentimita 2.5. Idadi kubwa ya vivimbe hivi si saratani.

Picha basi huchagua tu nani achomwe sindano. Anayeamua ni mtaalamu wa maabara anayezitazama chembe zilizotolewa. Hapo ndipo ninapolalamika. Mgonjwa hutoka Naitiri akalipa nauli hadi mjini, akarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba uvimbe upo, bila ukubwa, bila sifa hata moja. (Kwamba upo alijua kwa kidole chake.) Nao wataalamu wa maabara ya namna hiyo ni haba nchini, na wengi wao wamo katika miji mikubwa.

Wapo wanaodai sote tupigwe picha, wenye uvimbe na wasio nao. Siwaungi mkono. Korea Kusini ilipoanza mpango wa kupima saratani mwaka 1999, watu wengi walipigwa na picha ya tezi hii pia. Kufikia 2011 waliogunduliwa kuwa na saratani yake walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, ilhali vifo havikubadilika. Wengi walikatwa tezi, wakabaki kumeza vidonge maisha yao yote.

Walimu wenzangu, sisi huziona shingo za watoto kila siku. Kivimbe kwa mtoto ni nadra, lakini hustahili shaka kuliko cha mtu mzima. Mzazi aitwe, na upesi zaidi ikiwa uvimbe ni mgumu, unakua, au sauti imekwaruza. Naye adai karatasi yenye vipimo na maelezo, aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kwani daktari wa mwaka ujao atataka kulinganisha.