Maji ya bati lako yanaenda wapi?

Mvua ikikatika, angalia chini ya bati la nyumba yako. Utaona mstari wa vishimo vilivyochimbwa na matone, kisha kijito chembamba kinachoshuka kwa jirani. Mwanzoni kinapita tu. Baadaye kinabeba udongo wa shamba la mihogo. Ukikiacha, kinakuwa korongo, na jirani aliye chini hakusalimii tena vizuri. Maji hayana kiwanja, lakini bati lina mwenyewe.

Kuna dawa moja ambayo mafundi wa Goma na Bukavu wanaiita kwa Kifaransa puits perdu, yaani shimo lililopotea. Ni shimo linalojazwa mawe, maji ya mvua yanaingia humo na udongo unayanywa polepole. Kazi yake ni nzuri. Lakini huku kwetu Mpofi, kwenye milima, si kila mahali panapofaa kuchimbwa. Tulielewe kabla ya kushika jembe.

Tuanze na hesabu, ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kukusaidia. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya metre moja ya mraba inatoa litri moja. Nyumba ya metre 8 kwa 5 ina metre 40 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 30 itatoa litri 1.200, ndiyo bidoni 60 za litri 20. Fikiria ni safari ngapi za binti yako kwenda chemchemi! Kwa hiyo jambo la kwanza si shimo, ni pipa. Funga mfereji kwenye bati, tega pipa, tumia maji hayo kwa kufua na kuosha vyombo. Yale yanayofurika ndiyo tunayatafutia shimo.

Shimo la metre moja kwa moja, lenye kina cha metre 1,2 hivi, halitoshi kama wengi wanavyodhani. Ukilijaza mawe, nafasi ya maji inabaki karibu theluthi moja tu. Shimo la litri 1.200 litapokea kama litri 400 kwa mara moja; mengine yanategemea udongo kunywa wakati mvua bado inanyesha.

Ndiyo sababu tunapima udongo kwanza. Chimba kishimo mahali unapotaka, kifikie kina cha shimo lenyewe. Mwaga maji, yaache yaishe, kisha jaza tena na uangalie. Yakiisha kwa saa chache, udongo unakunywa. Ukiyakuta asubuhi yake bado yamelala, huo ni udongo wa mfinyanzi, usijichoshe. Goma, kwenye mawe ya volkano, maji yanapotea haraka sana, ila mawe hayo hayayachuji uchafu. Kwetu, udongo mwekundu unakunywa polepole. Shimo la Goma si la kuigwa huku bila kupima.

Sasa jambo kubwa. Udongo uliojaa maji ni mzito, na haushikani tena. Tarehe 2 Aprili 2023, katika teritware ya Masisi, mlima uliporomoka juu ya watu waliokuwa wakifua na kuosha vyombo chini yake. Walikufa watu kama 20, wengi wao wanawake na watoto. Pale hakukuwa habari ya shimo, ilikuwa mvua. Lakini somo ni letu: tusiongeze maji ndani ya mteremko uliokwisha kuchoka.

Kwa hiyo:
- Usichimbe kwenye mteremko mkali, wala juu ya nyumba ya mtu.
- Kama ulikata mlima ili kupata pahali tambarare pa kujenga, usichimbe nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mlima.
- Acha metre 5 kutoka msingi wa nyumba, na metre 30 kutoka choo na chemchemi.
- Ukiona ufa kwenye ardhi, au miti inayoanza kuinama, usichimbe kabisa. Mjulishe chefu wa kijiji.

Pahali pakifaa, chimba, weka mawe makubwa chini na madogo juu, kisha funika vizuri ili mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane. Kabla maji hayajaingia, yapitishe kwenye kishimo kidogo kinachobakiza majani na mchanga. Kishimo hicho kisafishwe kila wiki, la sivyo shimo kubwa litaziba na kazi yote itakuwa bure. Maji ya jikoni yenye mafuta na sabuni yasiingie humo, yanaziba udongo. Ya choo, hata kidogo.

Na aliye kwenye mteremko afanye nini? Achimbe mfereji usio na kina, unaopita pembeni ya mlima kwa mteremko mdogo, wenye mawe chini na majani yaliyopandwa kando, hadi kwenye mto au bonde lisilomomonyoka. Mfereji huo hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Unapita viwanja vya watu watano au sita, kwa hiyo ni kazi ya salongo, na wote wakubaliane njia kabla ya jembe la kwanza.

Wiki hii, mvua ikinyesha, vaa kitu cha kukukinga na utoke na jirani wa juu na jirani wa chini. Mfuate maji pamoja, tangu bati la kwanza hadi yanapoishia. Mtaona kwa macho ni nani anampelekea nani, na mazungumzo yatakuwa rahisi kuliko kungoja korongo liwagombanishe.